Tajiri amesamehewa, mvuvi ameacha kuja ibadani: je, tulipatanisha au tulinyamazisha?

Mzee wa Kanisa, Kigoma

Ndugu wasomaji, nawasalimu katika jina la Bwana. Nimo katika kamati ya usuluhishi ya usharika wetu, ulio kwenye mwalo mmoja, yaani pwani ya kupokelea vyombo vya wavuvi, kusini mwa mji wa Kigoma, na nina jambo ambalo limeninyima usingizi tangu mwezi uliopita. Sitautaja usharika wala mtu yeyote, kwa kuwa nia yangu si kumwanika mtu bali kusikia mawazo ya wale ambao hawakuwa ndani ya chumba kile.

Muumini wetu mmoja ana vipe vitatu, yaani vyombo vya kuvulia dagaa. Wavuvi wake humwita tajiri, kama ilivyo desturi ya huku ziwani, ambako mwenye chombo ni tajiri hata kama chombo chenyewe kinavuja na injini ni ya mkopo. Makubaliano yao ni yale ambayo wengi mnayajua: dagaa wa usiku wakishauzwa, hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hukatwa nusu kwa nusu, nusu ya mwenye chombo na nusu ya wavuvi wote. Wavuvi saba wa kipe kimoja, na wanne kati yao ni washarika wetu, walilalamika kwamba kwa muda wa miezi mitano tajiri amekuwa akiingiza kwenye gharama mambo ambayo hayakuwamo katika makubaliano, yaani betri za taa, kushona nyavu na, mara moja, malipo ya fundi aliyetengeneza injini ya chombo kingine kabisa.

Niseme pia kwamba mwezi mmoja kabla ya malalamiko hayo tajiri alikuwa ametoa mabati 80 ya kuezekea kanisa.

Mchungaji alitaka jambo hili limalizike kabla ya sikukuu ya mavuno. Tulikutana Alhamisi jioni nyumbani kwa tajiri, maana ndiko kulikokuwa na sebule ya kutosha watu wote, tukala wali na samaki aina ya migebuka, tukasoma Mathayo 5:9, kisha nikapewa nafasi ya kuzungumza. Niliwaambia wavuvi kwamba wapatanishi wataitwa wana wa Mungu, na kwamba Mkristo akisamehe hahesabu. Daftari la mahesabu lilikuwa juu ya kabati la vyombo, lenye jalada la bluu lililolowa mafuta pembeni, na sote tuliliona. Hakuna aliyenyoosha mkono kulichukua. Wakapeana mikono, tukaomba, tukatawanyika, na Jumapili mchungaji akatangaza mimbarini kwamba amani imerejea.

Tangu siku hiyo mmoja wa wale wanne, kijana aliyekuwa akipiga kinanda cha kwaya, hajakanyaga kanisani. Nilimfuata alikokuwa akianika nyavu. Hakunikasirikia, alinishikamoo kama kawaida, akaendelea na kazi yake kwa kitambo, kisha akasema, "Mzee, mimi nilisamehe. Ila hadi leo sijui nilisamehe shilingi ngapi."

Nawauliza basi: inawezekana kuwapatanisha watu waliogombana juu ya mali bila kuigusa mali yenyewe? Na yale mabati, ambayo sasa yako juu ya vichwa vyetu kila Jumapili, tuyatazame kwa jicho gani?

---

Mwalimu wa Dini, Kasulu

Shikamoo Mzee. Kwanza nakushukuru kwa kuandika jambo ambalo wengi wetu tumelifanya na kulifukia.

Nadhani kamati yenu ilisoma aya nzuri, lakini ikaisoma kwa watu wasiohusika. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu anazungumza na mtu aliyefika madhabahuni na sadaka mkononi, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huyo ndiye anayeambiwa aiache sadaka pale pale, aende akapatane, ndipo arudi kuitoa. Katika habari yenu mwenye sadaka ni mmoja tu, na sadaka yake ni mabati 80. Ninyi mkaichukua sadaka, mkaipigilia misumari, halafu mkawaendea wale wenye neno mkawataka walimeze.

Watu hupenda pia kutumia Luka 12, pale mtu mmoja katika mkutano alipomwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, naye akakataa kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yao. Husemwa kwamba kwa hiyo kanisa lisishike madaftari. Lakini tusome mbele kidogo. Hakumwambia mdai asamehe. Aliugeukia mkutano wote akawaonya juu ya choyo, kisha akasimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Nimeifundisha habari hiyo kwa miaka mingi kabla sijatambua kwamba tajiri yule anazungumza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho: nitafanya nini, nitavunja ghala zangu, nitaiambia nafsi yangu. Shamba la namna ile halivunwi na mtu mmoja, lakini hakuna mvunaji hata mmoja anayetajwa. Wavunaji tunawasikia katika Yakobo 5:4, ambako ujira wao uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana.

Kuhusu chakula mlichokula, nitakuelezea habari ya mtu mmoja. John Woolman, aliyeishi tangu 1720 hadi 1772, alikuwa mshonaji nguo wa New Jersey, Marekani, na muumini wa Kanisa la Marafiki, ambalo majirani zetu wa Burundi wanalifahamu. Alipoona duka lake linakua kupita mahitaji yake alilipunguza kwa makusudi, akabaki na ushonaji na bustani. Aliwatembelea Marafiki wenzake waliomiliki watumwa, ili awashawishi kwa upole wawaachie huru, na mara nyingi ilimbidi alale nyumbani kwao. Hakukataa kula wala hakuwatukana. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alitoa fedha kwa ajili ya watumwa waliomhudumia, kwa sababu hakutaka kunufaika na kazi isiyolipwa halafu aketi kuizungumzia. Hebu fikirini fedheha ya mwenye nyumba, naye hajasemeshwa neno kali hata moja! Aliandika pia akiwataka watu watazame vitu vya ndani mwao na mavazi waliyovaa, waone kama mbegu za vita hazipati lishe humo. Mnamo 1776, miaka minne baada ya kifo chake, mkutano mkuu wa Marafiki huko Philadelphia uliwakataza waumini wake kumiliki watumwa.

Mzee, ninyi mlikula migebuka kabla ya kuuliza imelipiwa na nani.

---

Mwenye Chombo, Ujiji

Mimi ni Muislamu, na nimeingia hapa kwa sababu na mimi naitwa tajiri. Nawaomba mnivumilie, maana naona kesi inaendeshwa na mshtakiwa hayupo.

Kuna jambo ambalo mtu asiyekuwa na chombo hawezi kulijua. Zamani tulivua kwa karabai, na karabai hula mafuta ya taa, kwa hiyo mafuta yakaingia kwenye gharama za pamoja na hakuna aliyeuliza. Siku hizi wengi tumehamia kwenye taa za betri. Mafuta ya taa yameondoka kwenye daftari, nusu ya nafuu hiyo imekwenda kwa wavuvi, lakini betri ikifa wanasema hiyo ni mali ya tajiri, ainunue mwenyewe. Betri ni chombo au ni mafuta? Mimi na wavuvi wangu tulibishana juu ya hilo msimu mzima, na hakuna kati yetu aliyekuwa mwizi. Makubaliano yalifungwa wakati wa karabai, na karabai zenyewe hazipo tena.

Kumbukeni pia kwamba mbalamwezi ikiwa kali hatuvui, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Sikatai sababu yake, samaki lazima wazaliane, lakini mkopo wa injini haukufungwa pamoja na ziwa. Wavuvi walikuja kwangu kuomba chakula cha watoto, nikatoa, na ziwa lilipofunguliwa wawili wakaenda kupanda chombo cha mtu mwingine bila kuniaga. Hilo nalo ni dhuluma, ingawa halina aya maarufu.

Baada ya kusema hayo, fundi wa injini ya chombo kingine hana utetezi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la usiku ziwani hukauka saa mbili asubuhi. Mzee, hilo la fundi lirudishwe. La betri mkae mlizungumze upya, na mkishakubaliana mliandike.

---

Katekista, Uvinza

Tumsifu Yesu Kristo. Nina wasiwasi na mwelekeo wa mazungumzo haya. Tukianza kuwapatanisha watu kwa kikokotoo, kamati ya kanisa itageuka baraza la kata, na kila mwenye deni la chumvi atakuja na daftari lake. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho kama si afadhali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Msamaha wenye hesabu ni msamaha gani? Kijana yule alisamehe kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mashahidi, na sasa anahesabu.

Aidha, kumwambia mtu aliyetoa mabati 80 kwamba sadaka yake ina walakini ni kumfukuza. Matajiri wanaokubali kukaa kanisani huku kwetu ni wachache, na wengi wao wana mahali pengine pa kwenda, ambako watapewa kiti cha mbele.

---

Mwalimu wa Dini, Kasulu

Katekista, nakuheshimu, lakini aya unayoitumia ni 1 Wakorintho 6:7, na ya 8 inaifuata bila hata kupumua: Paulo anawageukia wanaodhulumu na kunyang'anya mali za watu, tena za ndugu zao. Hicho kiti cha mbele Yakobo amekishughulikia katika sura ya 2, pamoja na pete ya dhahabu ya aliyekikalia. Zaidi ya hapo sina neno.

---

Mama wa Vichanja

Shikamooni wazee wangu. Mimi naanika dagaa, na nimesoma yote haya nikisubiri mwanamke mmoja atajwe.

Chombo kikiingia, sisi ndio tunaosimama majini na mabeseni. Tunajua usiku ule kipe kimeleta mabeseni mangapi, kwa sababu tumeyapokea, tumeyalipia, na tumeyamwaga kwenye vichanja kwa mikono yetu. Mngetaka kujua ukweli wa miezi mitano msingelihitaji hata lile daftari la bluu. Mngetuita wanawake wanne tu. Lakini sebule ilijaa wanaume, na naamini aliyepika ule wali alikuwa jikoni akisikia kila kitu.

Halafu mke wa mvuvi ndiye anayejua tofauti iko wapi. Mume akirudi na elfu tisa badala ya elfu kumi na tano, hakuna hotuba, ila unga unanunuliwa wa kupima badala ya mfuko. Mlipowaambia waume zetu wasamehe, mlitusamehesha na sisi ambao hatukuwapo.

Na jambo la mwisho, kwa adabu zote: mchungaji alitangaza mimbarini kwamba amani imerejea. Yule kijana akiendelea kukaa nyumbani, washarika watasema yeye ndiye mwenye kinyongo.

---

Mmoravian, Tabora

Bwana Yesu asifiwe. Nimelelewa Urambo, ambako wamisionari wa Moravian waliingia mwishoni mwa karne ya 19, na kila tarehe 13 Agosti tunakumbushwa habari ya Herrnhut. Nitaisimulia kwa namna tofauti kidogo na ile ya mimbarini, kwa kuwa inamhusu Mzee moja kwa moja.

Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipokelewa mwaka 1722 huko Saxony, Ujerumani, kwenye ardhi ya kabaila kijana aliyeitwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Walijenga kijiji, ndicho Herrnhut, wengine wa madhehebu mbalimbali wakajiunga nao, na haikuchukua muda wakaanza kugombana vibaya sana, hata wengine wakamwona mwenye ardhi kuwa mnyama yule wa Ufunuo. Mwaka 1727 Zinzendorf aliacha shughuli zake za serikali huko Dresden, akahamia kijijini, akawa anapita nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei wakazi walitia sahihi mapatano ya namna ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti, kwenye meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakalia na kukumbatiana. Tarehe hii ya pili ndiyo tunayoiadhimisha kwa tarumbeta.

Ile ya Mei hatuiadhimishi, na mimi naona ndiyo yenye somo kwa mwalo wenu. Tatizo lilikuwa lile lile: mpatanishi, mwenye ardhi na mlinzi wa wakimbizi alikuwa mtu mmoja. Angeweza kuwaambia wasameheane kwa kuwa wanakaa bure kwake. Badala yake, katika yaliyoandikwa mwaka ule iliwekwa wazi kwamba wakazi wale wa kwanza na kijiji chao watakuwa huru daima, pasipo utumwa wala utumishi wa shuruti kwa mwenye ardhi. Kabaila wa zama zile alikuwa na haki ya kudai kazi ya mikono kwa watu waliokaa kwenye ardhi yake, na haki hiyo ilikuwa mali kama mali nyingine. Aliiachia kwa maandishi miezi mitatu kabla ya machozi ya Agosti. Sisemi watu wale walikuwa malaika, kwa sababu katika kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, ambako walipeleka injili tangu 1732, misheni yao ilikuja kumiliki shamba lililolimwa na watumwa, na uhuru wa Herrnhut haukuvuka bahari.

Huku kwetu tunalima tumbaku. (Wapo wanaosema sadaka ya tumbaku haifai kuingia kanisani, hilo tuliache, tutakesha.) Katika chama chetu cha msingi mbolea ilikuwa inakuja kwa mkopo wa pamoja, na mmoja akishindwa kulipa, wenzake wanakatwa. Mwaka mmoja mkulima aliyepoteza bani lake, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa moto aliwaachia wenzake deni, na ndugu wawili wa kanisa moja wakaacha kusalimiana. Wazee wa kanisa walitaka kuomba tu. Mama mmoja, mjane, ndiye aliyesema kwamba kwanza isomwe stakabadhi ya kila robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, moja baada ya nyingine, ghalani, mizani ikiwepo. Ilituchukua tangu saa tatu hadi alasiri, watu wakisinzia juu ya marobota. Kumbe nusu ya chuki ilitokana na robota tatu zilizoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Nusu iliyobaki ilikuwa deni la kweli, na hilo wakalisamehe, lakini walijua wanasamehe kilo ngapi.

Mabati yaacheni juu. Mvua ikinyesha haitawauliza. Ila mwombeni tajiri alipe wavuvi wake wote saba, hata wale watatu wasio washarika wenu, kabla ya jina lake kusomwa tena kwenye orodha ya wafadhili.

---

Mzee wa Kanisa, Kigoma

Nawashukuru nyote, hata Katekista, ambaye alisema yale niliyokuwa nikijiambia mwenyewe. Narudi kuwaeleza kilichotokea, nacho si kikubwa.

Nilikwenda kwa tajiri peke yangu, asubuhi, na sikuketi sebuleni. Nilimwomba daftari. Alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama ninataka akang'oe mabati yake, nikamjibu kwamba nataka daftari tu. Akalitoa. Wiki ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu, tulikaa chini ya mwembe pale mwaloni, watu kumi na wawili pamoja na wanawake watatu wa vichanja, nikasoma ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wake wa sekondari, msafi, kila dumu la mafuta na tarehe yake.

Fundi wa injini ya chombo kingine alilipwa shilingi 210,000. Kwa kuwa zilitolewa kabla ya kugawa, nusu yake, yaani 105,000, ilitoka kwa wavuvi, na kwa watu saba ni 15,000 kila mmoja. Nilipoitamka hesabu hiyo kijana wa kinanda aliinua macho kwa mara ya kwanza. Tajiri alisema aliandika pale kwa kuwa siku ile ndicho kipe pekee kilichokuwa kimepata fedha, na mimi namwamini, ingawa kumwamini hakupunguzi hata shilingi. Alilipa saba wote pale pale, noti mkononi, na mmoja wa wale wasio washarika wetu alizihesabu mara mbili mbele yake.

La betri tulilizungumza kwa muda wa saa nzima, tukitumia maneno ya ndugu yetu wa Ujiji karibu yote, tukakubaliana kwamba zilipiwe kwenye gharama za pamoja, lakini zile kuukuu zikiuzwa, fedha yake igawanywe pia. Limeandikwa nyuma ya daftari, na sahihi zipo. La nyavu limetushinda. Wanawake walisema mabeseni waliyopokea mwezi wa tatu hayalingani na yaliyoandikwa, tajiri akanyamaza, na adhana ya magharibi ikatukuta hapo hapo.

Mchungaji hajakubali kusema lolote mimbarini. Anasema tusubiri la nyavu liishe.

Kijana hakuja ibadani Jumapili iliyofuata. Usiku wa giza usio na mbalamwezi ulikuwa umesharudi, na kipe chao kiliingia saa moja asubuhi kikiwa kimejaa, nikamwona kwa mbali, amesimama majini hadi kiunoni, akiwapakulia akina mama na kuhesabu mabeseni kwa sauti.